Daftari au Mfuko? Historia Fupi ya Sarafu za Michezo

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii sisi walimu tumeifundisha miaka mingi, na aghalabu tumeieleza kana kwamba haina mpinzani: aandikaye hupona, asiyeandika huangamia. Makala haya yanakusudia kuichunguza methali hiyo kwa kupitia mlango ambao huenda wasomaji wengi hawakuutarajia, nao ni mlango wa michezo. Uko mchezo wa mezani uliozaliwa Marekani mwaka 1974, na ambao sasa unachezwa katika nchi nyingi, ambao wachezaji wake wamebishana kwa muda mrefu juu ya jambo linaloonekana dogo. Je, fedha za mchezo ziandikwe karatasini tu, au ziwe sarafu za kushikika, zenye mlio na uzito, zinazotolewa mfukoni na kuhesabiwa mezani mbele ya wote?

Msomaji asiseme upesi kwamba hayo ni mambo ya watoto. Swali hilo lilikuwako kabla ya mchezo wenyewe. Liliwahusu makarani wa wafalme wa Ulaya, liliwahusu wachuuzi wa Buganda, na, kama nitakavyosimulia mwishoni, liliingia pia katika darasa langu mwenyewe, ambamo mwanafunzi mmoja aliniuliza jambo nisiloweza kulijibu.

KETE NA SIMBI

Tuanze nyumbani kwetu. Neno kete lina maana mbili zilizokaa jirani. Ya kwanza ni kauri ndogo, yaani gamba la konokono wa baharini, lenye mgongo wa mviringo na mdomo wenye meno. Ya pili ni kitu chochote kidogo kinachochezewa baoni, hata kikiwa mbegu ya mkomwe. Bao la Kiswahili lina mashimo 32, yaani safu nne za mashimo manane manane, na kete zake ni 64. Mchezo unapoanza kila mchezaji huwa na kete 10 tu ubaoni. Zile 22 zilizobaki huwa akiba yake, naye huziingiza moja moja. Zikisha kwisha, mchezo huingia hatua ya pili, nayo huitwa mtaji. Mwalimu wa lugha hawezi kulipita neno hilo bila kusimama, maana ndilo neno lile lile analolitumia mchuuzi anapotaja mali ya kuanzia biashara yake. Sisemi kwamba bao lilizaa biashara, wala kwamba biashara ilizaa bao. Nasema tu kwamba waliotutangulia hawakuona haya kuviweka vitu hivyo viwili katika kapu moja la maneno.

Kauri zenyewe zilikuwa fedha ya kweli. Kwa karne nyingi zilivuliwa katika visiwa vya Maldivi, zikapelekwa Bara Hindi na hatimaye Afrika ya Magharibi. Katikati ya karne ya 19 wafanyabiashara wa Hamburg walianza kuzipakia kwa shehena kutoka Unguja na pwani yetu, wakazipeleka huko huko magharibi, hata zikawa nyingi kupita kiasi na thamani yake ikaanguka. Upande wa bara zilifika Buganda, ambako zilitobolewa na kutungwa katika nyuzi, mia mia, ili mnunuzi wa ng'ombe asikeshe akihesabu. Neno la Kiganda ensimbi, lililo ndugu wa neno letu simbi, hata leo ndilo jina la fedha zote, ziwe noti au zile zinazotumwa kwa simu. Kauri imeondoka sokoni, lakini jina lake limekataa kuondoka.

Kwa hakika lugha yetu ni sanduku la sarafu zilizokufa. Fedha ni neno la Kiarabu lenye maana ya madini yale meupe. Pesa na rupia zilitoka Bara Hindi. Hela ni heller, sarafu iliyoletwa na serikali ya Kijerumani mwaka 1904 kuchukua mahali pa pesa, 100 zikiwa rupia moja. Riali ya Maria Theresa, iliyoendelea kugongwa ikiwa na mwaka ule ule wa 1780 hata baada ya malkia huyo kufa, ilipita katika mikono ya wafanyabiashara wa pwani, wa Uhabeshi na wa Uarabuni. Ndugu zetu wa Kongo waliwahi kutumia mitako, yaani vipande vya waya wa shaba. Wao, pamoja na wa Rwanda na Burundi, husema faranga. Na wale waliotumia senti za Afrika ya Mashariki wanakumbuka kwamba zile ndogo zilikuwa na tundu katikati, hivi kwamba ziliweza kutungwa uzini kama simbi.

Mfano mmoja zaidi, na huu una faida kwa mwalimu wa ushairi. Sarafu za shaba za masultani wa Kilwa zina maandishi ya Kiarabu pande zote mbili, na aghalabu upande wa jina la sultani huishia kwa sauti ile ile inayomaliza upande wa kumtegemea Mungu. Kwa hiyo mtu wa Kilwa alipoigeuza sarafu yake kiganjani aligeuza vina viwili. Mwaka 1944 sarafu tano za Kilwa ziliokotwa katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Daftari la baharia aliyezifikisha huko halipo, sarafu zipo.

JETONI: SARAFU ISIYONUNUA KITU

Katika Ulaya ya zama za kati hesabu kubwa hazikufanywa kwa kalamu. Tarakimu za Kirumi zafaa kuandika mwaka juu ya mlango wa kanisa, lakini ni taabu kuzijumlisha na kuzitoa. Basi karani alitandika kitambaa au ubao wenye mistari, kila mstari na thamani yake, akasogeza juu yake vipande vya madini vya duara. Wafaransa waliviita jeton, kutokana na kitenzi chao chenye maana ya kutupa. Nasi tuviite jetoni. Jetoni ilifanana na sarafu kwa umbo na kwa nakshi, lakini haikuweza kununua hata kitunguu. Thamani yake ilitokana na mahali ilipowekwa: katika mstari huu ilikuwa moja, katika ule wa juu yake kumi, na katika mwingine mia. Mcheza bao ataelewa mara moja, maana kete nayo haina cheo chake yenyewe. Cheo chake ni shimo ilimo.

Mji wa Nürnberg katika Ujerumani ndio uliokuwa kiwanda kikuu cha jetoni katika karne ya 16 na ya 17, na jina la fundi Hans Krauwinckel limebaki juu ya jetoni nyingi ambazo bado zinafukuliwa mashambani Ulaya. Lakini wakati huo huo adui yake alikuwa amekwisha kuwasili. Tarakimu zilizotoka Bara Hindi kwa njia ya Waarabu zilizidi kuenea, na pamoja nazo hesabu za kalamu na karatasi. Karani hakuhitaji tena kitambaa. Daftari lilishinda.

Je, jetoni zilikwenda wapi? Hazikutupwa. Zilihamia katika meza za karata, zikawa vihesabio vya wachezaji. Kitu kilichofukuzwa na daftari ofisini kilipokelewa mchezoni. Namwomba msomaji alishike jambo hili, kwa kuwa tutalikuta tena.

Mchezo nao haukuwa mahali salama sana. Mwaka 1837 Victoria alipoanza kutawala Uingereza, sheria za Hanover hazikumruhusu mwanamke kurithi kiti cha huko, hivyo ami yake akaondoka kwenda kukikalia. Waingereza, ambao hawakumpenda, walitengeneza vihesabio vya karata vyenye picha yake akiwa juu ya farasi, na maneno ya kumsindikiza Hanover. Upande wa pili palikuwa na kichwa cha malkia. Vipande hivyo vilikuwa vya madini ya rangi ya dhahabu na vilikaribiana kwa ukubwa na sarafu halali za dhahabu. Usiku, katika duka lenye mshumaa mmoja, mtu asiye mwaminifu aliweza kumpa muuzaji kihesabio akarudishiwa chenji ya fedha halisi. Mwaka 1883 ikatungwa sheria ya kukataza medali na vipande vinavyofanana na sarafu za serikali. Hivyo kipande kisicho na thamani kilipata thamani ya kutosha kumpeleka mtu gerezani.

NOTI ZA MWENYE ARDHI

Mwaka 1904 mwanamke wa Kimarekani, Elizabeth Magie, alipata hataza ya mchezo aliouita kwa jina la Mwenye Ardhi. Magie alikuwa mfuasi wa mafundisho ya Henry George, aliyeamini kwamba kodi ya ardhi ndiyo ingepasa kuihudumia jamii nzima. Alitaka wachezaji waone kwa macho jinsi mwenye viwanja anavyotajirika kwa kukaa tu, huku wapangaji wake wakifilisika. Mchezo huo ulizunguka mkono kwa mkono kwa miaka mingi, ukibadilishwa njiani, hata mwaka 1935 kampuni ya Parker Brothers ikautoa kwa jina la Monopoly, ikiununua kwa Charles Darrow. Magie alilipwa dola 500 kwa hataza yake.

Katika mchezo huo fedha ni karatasi za rangi. Kanuni zake zinasema kwamba benki haifilisiki kamwe: noti zikimalizika, mwenye benki ana ruhusa ya kuandika nyingine juu ya karatasi yoyote. Mchumi angetabasamu. Lakini yule anayelipa kodi ya kiwanja cha mwenzake hatabasamu, maana anaona rundo lake likipungua na la mwenzake likipanda. Somo la Magie liko katika kupungua huko. Lingekuwa tarakimu zilizofutwa na kuandikwa upya, nusu ya somo ingepotea.

MAHANDAKI NA MAJOKA

Sasa tumefika katika mchezo tulioutaja mwanzoni. Mwaka 1824 mwanajeshi wa Prussia, Reisswitz, alitoa mchezo wa kivita wa ramani na vipande kwa ajili ya kuwafundisha maofisa. Michezo ya namna hiyo ilipita kwa raia, ikavuka bahari, na katika miaka ya 1960 ilikuwa na vyama vyake vya wapenzi huko Marekani. Kutokana na vyama hivyo walitokea Gary Gygax wa mji wa Lake Geneva, katika Wisconsin, na Dave Arneson wa Minnesota. Mwezi wa Januari 1974 walitoa mchezo wao, Dungeons & Dragons, vijitabu vitatu katika kisanduku kimoja, nakala 1,000 tu kwa mara ya kwanza.

Mchezo huo ni mchanganyiko wa hadithi na bahati. Wachezaji huketi kuizunguka meza. Mmoja wao ni msimulizi. Wengine kila mmoja huvaa nafsi ya mhusika, na katika vijitabu vile vya kwanza mhusika aliweza kuwa mpiganaji, mchawi au kasisi. Msimulizi hueleza: mmefika katika mlango wa handaki, ndani mnasikia kitu kikikoroma. Wachezaji husema watakavyotenda. Panapokuwa na shaka hutupwa dadu, nyingine zikiwa na nyuso hata 20. Msomaji aliyekua akisikiliza hadithi jikoni kwa bibi yake, akamkatiza bibi na kumwambia shujaa afanye vingine, amekwisha kuonja nusu ya mchezo huu.

Ndani ya mahandaki hayo mna hazina. Katika matoleo ya mwanzo hazina ndiyo iliyokuwa roho ya mchezo: kwa kawaida kipande kimoja cha dhahabu kilichotolewa salama kilihesabiwa kuwa alama moja ya uzoefu, na mhusika alikomaa kwa kutajirika. Mwaka 1978 sarafu za mchezo zilikuwa za aina tano. Shaba 10 zilifanya fedha 1, fedha 20 zilifanya dhahabu 1, na dhahabu 5 zilifanya platinamu 1. Msomaji mkongwe atakumbuka kwamba shilingi 20 za Afrika ya Mashariki zilikuwa sawa na pauni moja. Aina ya tano ni elektramu, mchanganyiko wa dhahabu na fedha. Hii si ndoto ya watunzi, kwani sarafu za kale za Lydia, katika nchi ambayo sasa ni Uturuki, ziligongwa kwa madini hayo katika karne ya 7 kabla ya Kristo. Toleo la mwaka 2000 liliweka viwango vya kumi kumi, kama Waingereza walivyoacha hesabu za ishirini mwaka 1971.

La kustaajabisha zaidi ni uzito. Mwaka 1978 sarafu 10 zilihesabiwa kuwa ratili moja; toleo la mwaka 1989 lilisema sarafu 50 kwa ratili. Tuipime tofauti hiyo kwa vipimo vyetu. Sarafu kumi kwa ratili ni kama gramu 45 kila moja, ilhali riali ya Maria Theresa, ambayo wazee waliiona nzito, ina gramu 28 tu. Sarafu hamsini kwa ratili ni kama gramu 9 kila moja, yaani nyepesi kidogo kuliko rupia, iliyokuwa na gramu 11 na nusu hivi. Sasa chukua hazina ya sarafu 3,000. Kwa kanuni ya kwanza ni ratili 300, zaidi ya frasila nane. Mpagazi wa misafara ya kwetu alibeba frasila mbili hivi, kwa hiyo hazina hiyo ingetaka wapagazi wanne na bado sarafu nyingine zingebaki chini. Kwa kanuni ya pili ni ratili 60, mzigo wa mpagazi mmoja. Joka ni lile lile, handaki ni lile lile, lakini hadithi imebadilika.

Hapa ndipo ugomvi wetu unapoingia. Katika meza nyingi fedha za mhusika ni tarakimu katika karatasi yake. Msimulizi husema, mmepata dhahabu 400. Wachezaji hugawanya, hufuta, huandika. Uzito husahauliwa upesi, na hata utajiri wenyewe husahauliwa. Mchezaji mwenye dhahabu 9,000 hajui tofauti yake na yule mwenye 900, ila kwa sifuri moja. Ndiyo sababu wengine walianza kuleta vitu mezani: vihesabio vya kamari vya plastiki, sarafu za nchi za kigeni zilizobaki baada ya safari, vifungo, hata maharage. Wale wanaocheza mchezo wa jamaa yake, ule wa kuvaa mavazi na kukimbia msituni, hawakuwa na hiari kubwa, maana mwizi hawezi kuiba tarakimu iliyomo katika karatasi ya mwenzake akakimbia nayo. Kisha, katika miaka ya 2010, mafundi wadogo walianza kugonga sarafu za madini kwa ajili ya michezo hii, wakikusanya kwa njia ya mtandao malipo ya wateja kabla hata bidhaa haijatengenezwa. Jetoni imerudi tena kugongwa, karne nyingi baada ya Krauwinckel.

Wanaotetea sarafu wana hoja nzuri. Mchezaji anayesukuma vipande vitatu kuelekea kwa msimulizi ili mlinzi wa lango afumbe macho, husita; aandikaye kutoa tatu hasiti. Mfuko unaolia huwakumbusha wote kwamba fulani amebeba fedha. Deni baina ya wahusika huwa deni kweli. Na mwenye kumpa maskini sarafu yake ya mwisho huonekana na meza nzima.

Watetezi wa daftari nao hawakosi la kusema. Hazina za mchezo huu ni za maelfu, na kuhesabu maelfu ya vipande hula usiku mzima. Vipande hupotea chini ya viti. Mchezaji asiyekuja wiki hii, mfuko wake nani ataushika? Na kama kila sarafu ni moja, itahitajika gunia; kama sarafu moja ni mia, basi tumekwisha kurudi katika jetoni, na thamani yake tumeiandika mahali fulani. Yaani daftari limeingia kwa mlango wa nyuma. Waganda waliotunga simbi mia mia katika uzi mmoja walilijua jambo hilo.

Na liko tatizo la wingi. Kitabu cha wachezaji cha mwaka 1978 kiliwaeleza wasomaji kwa nini bei zake ni kubwa mno: wafikiri juu ya miji ya Alaska wakati wa kukimbilia dhahabu, ambako fedha zilikuwa tele na kila kitu kikawa ghali. Historia ya kwetu Afrika ina mfano ulio mkubwa zaidi. Mwaka 1324 Mansa Musa wa Mali alipita Kairo akienda kuhiji, akagawa dhahabu kwa ukarimu; na al-Umari, aliyeandika habari hizo, alisema kwamba miaka 12 baadaye bei ya dhahabu mjini humo ilikuwa bado haijapona.

VIZIBO DARASANI

Haya yote ningaliyasoma kama mtu asomaye habari za mbali, lau yasingalinifika mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikifundisha Kiswahili katika shule moja ya Uganda. Walimu wenzangu wa nchi hii wanajua mzigo tunaoubeba: wazazi wengi walikisikia Kiswahili kwanza katika kinywa cha askari kwenye kizuizi cha barabarani, na hofu ile imerithiwa na watoto ambao hawakukiona kizuizi chenyewe. Wanafunzi wangu walijua kusoma, walijua ngeli, lakini walinena kama watu wanaotoa ushahidi.

Nikaanzisha duka la darasani. Kwanza nilitumia daftari. Ubaoni niliandika majina, na mbele ya kila jina shilingi 10,000. Mwanafunzi alisimama, akasema, nataka kununua sabuni, bei gani; mwenzake akajibu; mimi nikafuta na kuandika. Lilikuwa somo sahihi na lililokufa. Hakuna aliyeomba kupunguziwa bei. Kwa nini aombe, ilhali fedha zilikuwa chokaa, na chokaa ilikuwa yangu?

Ndipo nikaleta vizibo vya chupa za soda. Kila mmoja alipewa vitano, na vingine vilipatikana kwa kazi: kusoma kwa sauti, kufuta ubao, kumsaidia mgeni wa darasa. Juma la kwanza halikwisha kabla sijasikia maneno ambayo sikuyafundisha siku hiyo. Punguza kidogo, mama. Nirudishie chenji yangu. Kijana mmoja ambaye tangu Januari hakuwa amefungua kinywa aligonga meza ya duka akasema, Umenipunja! Nilitamani kumkumbatia.

Kazi ya muuza duka ilikuwa na heshima yake, nayo niliiwekea bei ya vizibo 15. Msichana mmoja, mtulivu, aliamua kuinunua. Hakununua peni wala pipi. Muda wa majuma matatu alihifadhi vizibo vyake katika kitambaa, akafika 14.

Jumatatu iliyofuata mvulana mwingine aliingia darasani na mfuko wa nailoni uliojaa. Alikuwa amezunguka nyuma ya vioski vitatu, akaokota vizibo visivyo na idadi. Kabla ya saa nne alikuwa amenunua kila kitu dukani na kuwagawia marafiki zake. Wauzaji hawakuwa wajinga: penseli iliyokuwa kizibo kimoja ikawa vinane, na darasa likapiga kelele kwamba kazi ya muuza duka nayo ipande. Ikafika 60. Yule msichana alikuja mbele na kitambaa chake, akakifungua juu ya meza yangu, akaniuliza kwa Kiswahili ambacho hakukiazima kwa mtu: Mwalimu, mimi kosa langu ni nini?

Sikuwa na jibu. Nilikumbuka mwaka 1987, wakati shilingi 100 za zamani za Uganda zilipogeuzwa kuwa shilingi 1 mpya na asilimia 30 ikakatwa juu yake. Nikakumbuka watu wazima waliouliza swali hilo hilo wakiwa katika foleni. Ndugu zetu wa Kongo wana kumbukumbu yao ya Desemba 1979, noti za zaire 5 na 10 zilipofutwa. Na yule mvulana naye hakuvunja sheria yoyote, kwa maana mimi sikuwa nimeiweka.

Basi niliwaachia darasa lijadili, kwa sharti moja tu la lugha. Kundi moja lilitaka turudi ubaoni, kwenye chokaa. Kundi la pili lilisema chokaa haina ladha. Mwishowe alisimama mmoja akapendekeza hivi: kila mtu alete vizibo vyake mbele, aeleze kimoja kimoja alikipataje, darasa likikubali, kitiwe alama ya wino. Msichana alianza. Hiki nilikipata kwa kusoma hadithi ya sungura. Hiki kwa kufuta ubao siku ya mvua. Hiki alinilipa fulani kwa kumwazima kifutio. Alivitaja vyote 14, na kila alipotaja walikuwako mashahidi wa kuitikia. Mvulana naye alisimama akasimulia vioski vyake vitatu, mbwa aliyemfukuza na tope aliyoikanyaga, kwa ufasaha ambao sikuwahi kuupata kwake. Darasa lilicheka sana, likamsifu, likakataa. Kwa masimulizi yake akapewa kizibo kimoja chenye wino, kama mtu yeyote aliyefanya kazi. Bei zikarudi, na siku ya tatu yule msichana alikaa nyuma ya meza ya duka.

HITIMISHO

Nikiirudia methali niliyoanza nayo, sioni kwamba wahenga walikosea. Naona kwamba sisi tumelisoma neno daftari kwa ufinyu. Karatasi yangu ya ubaoni ilikuwa daftari, lakini haikuwa na mashahidi zaidi ya mimi niliyeiandika. Vizibo bila alama vilikuwa mali, lakini havikuwa na habari. Yule mwanafunzi aliyependekeza kila kizibo kisimuliwe alivikutanisha vitu hivyo viwili, wala hajapata kusikia habari za Krauwinckel wala za majoka ya Wisconsin.

Kwa walimu watakaopenda kujaribu duka la namna hii, nina mashauri machache. Vizibo vichemshwe kwanza, na kingo zake zipigwe nyundo zisikate vidole. Idadi yote ya vizibo itangazwe mbele ya darasa na iandikwe mahali ambapo wote wanaiona. Karani wa daftari awe mwanafunzi, asiwe mwalimu; mimi nilimchagua yule mvulana wa vioski, na hesabu zake hazikupotea hata siku moja. Na wino utiwe kabla ya siku ya kwanza.